Nyuzi 12000

Lava ya mchezo wa Dwarf Fortress ina joto la nyuzi 12000, wala haipoi. Iwe imetulia chini kabisa ya dunia ya mchezo huo, iwe imepandishwa kwa pampu hadi karibu na vyumba vya kulala, namba ni hiyohiyo. Kipimo chake hakimo kwenye kipimajoto chochote cha dukani. Wachezaji wanakiita nyuzi za Urist, jina ambalo mbilikimo wa mchezo huo hupewa mara kwa mara. Barafu huyeyuka kwenye 10000, maji huchemka kwenye 10180, na mwili wa mbilikimo mwenye afya hukaa kwenye 10067. Toa 9968 kwenye namba yoyote kati ya hizo, utapata Farenhaiti za kawaida. Lava basi inakuwa Farenhaiti 2032, sawa na Selsiasi 1111.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa karani wa stoo jijini Arusha. Ukubwa wa namba haukumshtua. Kilichomshtua ni kwamba ilikuwa namba ya kweli. Lava ya basalti, ile inayotiririka Hawaii na Aisilandi, hutoka ardhini ikiwa na joto la Selsiasi 1100 hadi 1200 hivi. Aliyeamua kuandika 12000 alikuwa amefungua kitabu kwanza.

Mtu huyo ni Tarn Adams, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, anayeutengeneza mchezo huu pamoja na ndugu yake Zach. Toleo la kwanza lilitoka Agosti 2006, likagawiwa bure, na kwa miaka mingi dunia yake yote ilichorwa kwa herufi na alama za kibodi. Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliuweka kwenye hazina yake. Toleo lenye picha halikuja hadi Desemba 2022. Mwandishi alianzia kwenye lile la herufi, ambamo lava ni alama nyekundu na maji ni alama za buluu, na kina cha kila kimoja hupimwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 7. Mgeni akichungulia skrini hadhani kama huo ni mchezo. Bosi wake aliwahi kupita nyuma yake saa ya chakula cha mchana, akaona namba zimejaa, akamsifu kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Katika mchezo huu mchezaji hashiki kitu kwa mkono wake. Anatoa amri, na mbilikimo wanazitekeleza wanapopata nafasi, baada ya kula, kunywa pombe na kulala. Kwa hiyo jaribio dogo tu linahitaji maandalizi ya karani hasa. Mwandishi alichimbisha shimo la mraba kwenye mwamba, akaweka lango upande mmoja ili lava iingie kwa wenzo, na juu ya shimo akatenga eneo la kutupa taka. Kisha akaagiza vikombe vifuliwe. Vyote viwe vikombe, umbo moja, kazi ya fundi mmoja, tofauti yao iwe metali peke yake: bati, risasi, zinki, alumini, fedha, dhahabu, shaba, nikeli, chuma na platini.

Kwenye kaunta buku aliyokuwa akiandikia hesabu za stoo alifungua ukurasa wa nyuma, akapiga mistari. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina la metali, ya pili ya joto la kuyeyuka kama lilivyo duniani, ya tatu ya kile anachotarajia, ya nne ya kilichotokea. Safu ya tatu ilijazwa kwa kalamu ya wino kabla wenzo haujaguswa. Mazoea hayo aliyachukua kazini, ambako mtu akihesabu mali ya stoo huku akiwa ameishaona kitabu kinasema nini, hesabu yake hutoka sawasawa na kitabu hata kama rafu ina pengo.

Dhahabu huyeyuka kwenye Selsiasi 1064, shaba kwenye 1085. Zote mbili zimepitwa na 1111 kwa hatua chache tu. Chuma hungoja hadi 1538. Lango likafunguliwa, lava ikaingia polepole, 1, 2, 3, mpaka shimo likajaa 7 kila mahali. Vikombe vya bati na risasi vikatoweka. Vikafuata zinki, alumini, fedha, dhahabu, shaba. Chuma, nikeli na platini vikabaki chini ya lava vikihesabika kwenye orodha ya mali, vizima. Safu ya tatu na ya nne zilifanana kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Hilo lilimfurahisha kwa muda, kisha likamchosha. Jaribio ambalo majibu yake yote yalishajulikana halina la kusimulia. Wachezaji wa siku nyingi walikuwa wakijua tayari kwamba lango la kuzuia lava linajengwa kwa chuma au kwa jiwe linalohimili joto hilo, boksiti kwa mfano, na kwamba mashine ndogo inayoliunganisha lango na wenzo nayo lazima iwe ya kitu kisichoyeyuka. Wengi hulikumbuka lango wakaisahau mashine. Akaanza kutafuta mahali ambapo hesabu ya Selsiasi ingemwangusha.

Alipapata kwenye ukuta wa mbao. Mlango wa mbao ukiguswa na lava huteketea, pipa la mbao huteketea, kitanda vivyo hivyo. Lakini ukuta uliojengwa kwa magogo yaleyale unasimama ukizuia lava miaka na miaka, hata moshi hautoi. Ukuta wa vipande vya barafu nao unasimama. Katika Dwarf Fortress chochote kilichojengwa kuwa ukuta au sakafu kinatoka kwenye hesabu ya joto, kiwe cha kitu gani. Mtengenezaji aliyehangaika kutofautisha dhahabu na shaba kwa nyuzi ishirini na moja aliuacha ukuta wa barafu usimame ndani ya moto.

Sababu si uzembe. Kompyuta inapaswa kukokotoa joto la kila kitu kila mara, na dunia ya mchezo huu ina vitu maelfu kwa maelfu. Laptopu ya mwandishi ilikuwa ikipiga feni mpaka jirani anauliza. Mchezo wenyewe unamruhusu mchezaji kuzima hesabu ya joto kwenye faili la mipangilio ili mashine ipumue, na ikizimwa vitu vinalala ndani ya lava bila kuyeyuka. Kila mahali palipopunguzwa kazi ni mahali ambapo binadamu fulani alikaa akachagua. Tangu hapo mwandishi aliacha kuuliza kama mchezo unasema kweli. Alitaka kujua ulikata wapi, na kwa nini hapo.

Mpwa wake, wakati huo darasa la sita, alikuwa na lava ya kwake. Alicheza Minecraft, na aliposikia habari za nyuzi 12000 akacheka.

"Anko, sasa yote hayo ya nini? Lava ni lava. Ukidondosha kitu kinaungua."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Isipokuwa netheraiti."

Kijana alikuwa sahihi, na jibu lake fupi lina mfumo mzima ndani yake. Katika Minecraft lava haina nyuzi, ina sheria. Upanga wa almasi ukianguka ndani yake unateketea sawasawa na fimbo ya mti. Vifaa vya netheraiti, vilivyoongezwa kwenye toleo la Juni 2020, vinaelea juu yake bila kuguswa, kwa kuwa watengenezaji waliandika hivyo. Bloku ya chuma iliyowekwa ukutani haitikisiki lava ikiigusa, lakini bloku hiyohiyo ikiwa mzigo uliodondoka kutoka mkononi inatoweka. Mbao za kawaida hushika moto kando ya lava. Mbao za miti miwili inayoota Nether, ile dunia ya moto ya mchezo huo, hazishiki.

Walikaa wakajaribu mwendo. Muda wa mchezo huo umegawanywa katika mapigo 20 kwa sekunde. Maji husogea bloku moja kila mapigo 5, na juu ya ardhi tambarare yanafika bloku saba kutoka kwenye chanzo. Lava husogea bloku moja kila mapigo 30 na kuishia bloku ya tatu. Kijana alihesabu kwa sauti, mjomba akaangalia saa. Mwendo wa lava ni wa polepole mara sita. Kisha wakahamia Nether, wakamwaga tena ndoo ya lava, nayo ikakimbia mara tatu zaidi ya kule juu ikafika bloku saba. Ndoo ya maji walipoimwaga hukohuko ilitoa sauti ya kuunguza tu, maji yasionekane.

"Kwa nini inakimbia huku?" mjomba akauliza.

"Kwa sababu huku ni kwao," mpwa akajibu, akaendelea kuchimba.

Upande wa maji, Minecraft imejaa uamuzi wa kuchekesha. Maji yanasomba mienge na miche, yanasukuma vitu vilivyodondoka chini, na ndoo mbili zikimwagwa kwenye pembe mbili zinazotazamana za shimo la mraba mdogo zinazaa kisima kisichokauka. Unga wa zege, uliokuja mwaka 2017, ukiguswa na maji unageuka zege ngumu papo hapo. Fundi yeyote aliyewahi kumwagilia zege asubuhi na jioni kwa wiki nzima angetamani kuhamia humo.

Maji na lava vikikutana ndipo michezo hii miwili inapokaribiana. Katika Minecraft maji yakigusa chanzo cha lava yanazaa obsidiani, jiwe jeusi gumu. Yakikutana na lava iliyokwisha kutiririka yanazaa mawe ya kawaida ya kujengea. Katika Dwarf Fortress lava na maji vikikutana vinazaa mwamba wa obsidiani, mvuke ukapanda, na kwisha. Wachezaji hodari hutumia njia hiyo kumwaga kuta nzima mahali wanapotaka. Maji ya Dwarf Fortress yana kani ya kusukuma: yakishuka kutoka juu kwenye mfereji uliofungwa yanapanda tena upande wa pili, na ngome nyingi zimezama kwa ajili hiyo. Lava haina kani hiyo, mpaka mtu aisukume kwa pampu. Kisima cha lava kinaweza kuchimbiwa kando bila hofu ya kufurika juu. Huo nao ni uamuzi wa mtu, tena wa huruma.

Mwandishi hakuwa mwanajiolojia, lakini vikombe vile vilimfanya aanze kusoma habari za lava yenyewe, na humo akakuta kwamba jaribio la maji dhidi ya lava limewahi kufanywa kwa ukubwa wa mji. Usiku wa Januari 23, 1973 ardhi ilipasuka kwenye kisiwa cha Heimaey, Aisilandi. Watu zaidi ya elfu tano waliondolewa kwa mashua usiku huohuo. Lava ilipoanza kuuelekea mdomo wa bandari, ambayo ndiyo riziki ya kisiwa kizima, mwanafizikia Þorbjörn Sigurgeirsson alikuwa mstari wa mbele kutaka imwagiwe maji ya bahari. Wakamwaga kwa miezi, jumla ya takribani mita za ujazo milioni 6. Lava ilipungua mwendo, ikaganda sehemu zilizohitajika, bandari ikapona. Wataalamu wanasema baadaye ikawa na hifadhi nzuri zaidi dhidi ya mawimbi. Nyumba karibu 400 hazikupona.

Kinachofaa kutazamwa ni muda. Ndoo moja ya Minecraft inagandisha chanzo cha lava kufumba na kufumbua. Heimaey, hata baada ya ganda la juu kuwa gumu kiasi cha kupitisha mabomba na mashine, ndani kulibaki moto, na wakazi waliorudi walitumia joto hilo kupasha nyumba zao kwa miaka kadhaa. Jiwe ni kizuizi cha joto. Likishaganda nje linaufungia moto wake ndani, na michezo yote miwili imeliacha jambo hilo: humo bloku ikiwa jiwe imekuwa jiwe hadi katikati.

Mvuke nao ni hadithi nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, mwanajiolojia Jeff Karson na mchongaji Bob Wysocki wamekuwa wakiyeyusha mawe ya basalti kwenye tanuri na kuyamwaga juu ya mchanga na barafu, watu wakiangalia. Lava ikimwagwa juu ya barafu haizami kwa fujo kama mtu angedhani. Mvuke unaotoka chini unaingia ndani yake, nayo inafura kama andazi kwenye mafuta, mapovu yakiganda kuwa kioo cheusi chembamba. Mwandishi aliitazama video ya jaribio hilo na mpwa wake. Kijana aliomba irudiwe.

Goma nako maji na lava vimekutana, na huko hakuna aliyealika. Januari 17, 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia Ziwa Kivu. Hofu kubwa ya wataalamu ilikuwa gesi: kilindini mwa ziwa hilo kumeyeyuka kiasi kikubwa cha kaboni dayoksaidi na methani, na haikujulikana kama lava ingeyavuruga maji ya chini. Haikuyavuruga. Mlima ukalipuka tena Mei 22, 2021, lava ikaishia kwenye vitongoji vya kaskazini. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kutiririka kuliko nyingi duniani. Mwaka 1977 ilishuka mlimani kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa. Anayedhani kwamba lava daima hujikokota bloku moja kwa sekunde moja na nusu amejifunza Minecraft. Hajajifunza mlima. Na wakazi wa Goma, kila mara, hurudi wakajenga juu ya lava iliyopoa, kwa mawe yake meusi yaleyale.

Lakini mlima uliomrudisha mwandishi kwenye kaunta buku ulikuwa wa nyumbani. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, upo kaskazini mwa Tanzania, mkoa huohuo wa Arusha, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson alipanda akakuta kreta inatoa lava iliyojaa kabonati za sodiamu na kalisi, yenye silika kidogo sana. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo. Ni nyeusi, inatiririka kwa wepesi kabisa, na joto lake ni Selsiasi 500 hadi 600 tu, kiasi kwamba mchana wekundu wake hauonekani. Alumini huyeyuka kwenye 660. Maana yake ni kwamba sufuria ya kawaida ya jikoni ikitumbukia kwenye lava ya Lengai haiyeyuki.

Hesabu hiyo ilimkosesha usingizi. Alitaka kuijaribu, na mchezo haukumruhusu moja kwa moja, maana 12000 imefungwa ndani ya programu yenyewe. Metali hazijafungwa. Sifa zake ziko kwenye mafaili ya maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua, kila metali na mstari wake wa joto la kuyeyuka. Lava haipoi, basi metali zipandishwe. Tofauti ya Selsiasi 1111 na 550 ni takribani nyuzi 1000 za Urist. Akaongeza 1000 kwenye mstari wa kila metali, akahifadhi, akaanza dunia mpya.

Shimo lilelile, lango lilelile, vikombe vya metali zilezile. Mpwa alikuwepo, na safari hii safu ya tatu ya kaunta buku aliijaza yeye. Bati lilikuwa 10417, sasa 11417: litayeyuka. Risasi itayeyuka. Zinki, iliyokuwa 10755, itayeyuka. Alumini, 11188, imekuwa 12188.

"Hii itabaki," kijana akasema, akaandika. Kisha akauliza kwa nini mchezo unaithamini alumini kupita dhahabu wakati sufuria zimejaa sokoni. Mjomba akamweleza kwamba mbilikimo hawana umeme wa kuitenga alumini na udongo wake, na huokota tu vile vipande vichache vilivyo safi tangu mwanzo.

Wenzo ukavutwa. Bati, risasi na zinki vikaondoka. Alumini ikabaki, pamoja na fedha, dhahabu na shaba, zote zikiwa chini ya kina cha 7.

Kijana akataka na maji. Wakafungulia mfereji wa pili, maji yakaingia kwenye shimo, mvuke ukapanda, na lava yote ikageuka obsidiani nyeusi, kama ilivyofanya kwenye dunia ya zamani. Lava ya Lengai haifanyi hivyo. Ikipata unyevu, hata wa hewani tu, huanza kubadilika kemikali; baada ya saa au siku chache weusi wake umekwisha, imekuwa nyeupe, laini ya kuvunjika mkononi, na ndiyo maana kilele cha mlima huo huonekana kwa mbali kama kina theluji. Walitafuta kwenye mafaili mstari wa kubadilisha hilo. Upo wa rangi ya obsidiani, upo wa uzito wake, upo wa joto lake la kuyeyuka. Wa kwamba jiwe hilo libadilike polepole kwa unyevu haupo.

"Basi tubadilishe rangi tu iwe nyeupe," mpwa akasema.

Mjomba alikataa. Walibishana hadi wakati wa chakula cha jioni.